Mwalimu Aliyenikimbia

Ninaandika haya kwa ajili ya mzazi ambaye leo ameambiwa mtoto wake ana kifafa, na zaidi kwa ajili ya huyo mtoto mwenyewe, hasa kama ana umri niliokuwa nao mimi, miaka kumi na mitano, umri ambao hata chunusi moja usoni inakufanya utamani kujifungia ndani. Mimi si daktari. Nitasema niliyoyaona na niliyoyapitia mwilini mwangu, basi.

Wakati huo Bariadi ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Ilikuwa ile miaka ambayo wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuingia na malori yao vijijini, na mjini maduka mapya yalifunguliwa kila mara. Jina langu ni Kabula. Nilikuwa kidato cha pili, na kila siku nilitembea saa moja na nusu kutoka kijijini kwetu hadi shuleni, na saa moja na nusu kurudi.

Nilianguka mara ya kwanza katika kipindi cha sayansikimu, wiki ile mvua za kwanza ziliponyesha na watu wakaanza kupanda. Mwalimu Leticia alikuwa anatuonyesha jinsi ya kukata kitambaa cha sketi. Huyu ndiye pia aliyekuwa mlezi wa wasichana. Msichana akiingia hedhi darasani, akipata barua ya mvulana, akipigwa nyumbani, alikwenda kwake. Alikuwa na chumba kidogo nyuma ya stoo, na tulijua kwamba kinachosemwa mle hakitoki.

Nilihisi ladha ya chuma mdomoni. Kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kucheza peke yake. Nilitaka kumwambia jirani yangu akitazame, lakini sauti haikutoka.

Nilipofumbua macho nilikuwa chini ya meza. Ulimi ulikuwa umevimba na damu. Sketi ilikuwa imelowa, na harufu ilinieleza imelowa na nini. Lakini kilichonitisha si hayo. Darasa lilikuwa tupu. Madawati mawili yalikuwa yameangushwa, kiatu cha mtu kilibaki mlangoni, mkasi na kitambaa viko sakafuni. Nilidhani watu wote wamekufa. Kisha nikaona nyuso dirishani, zimejaa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaingia. Mkuu wa shule alisimama mlangoni, akamwuliza mtu aliye nyuma yake, "Anaweza kusimama?" Hakuniuliza mimi.

Nilisimama mwenyewe. Wakanipisha njia pana, nikatembea hadi nyumbani peke yangu huku kichwa kinagonga.

*

Kwetu, watu waliamini ugonjwa huu unaambukiza kwa mate na hata kwa hewa ya mgonjwa. Jioni ile ile mama alinipa sahani yangu, kikombe changu na mkeka wangu. Alifanya hivyo bila kunitazama usoni. Wadogo zangu wakahamishiwa chumba kingine. Baba hakusema neno. Alikuwa mtu wa ng'ombe na pamba, mpole, na alipokuwa na hofu alikaa kimya kabisa.

Nilianguka tena baada ya siku kumi, kisha wakati wa palizi ya kwanza, kisha mara mbili katika wiki moja. Baba akanipeleka kwa mganga upande wa Mwanhuzi, kwenye ardhi kavu, tukakaa huko mwezi mzima. Nilichanjwa chale, nikafukizwa moshi chini ya blanketi. Sitamsema vibaya yule mzee; alinilisha vizuri na hakunicheka. Lakini niliendelea kuanguka.

Nataka nieleze kusubiri, kwa sababu huko ndiko ugonjwa wenyewe ulikokuwa. Kuanguka sikukuona. Kuanguka kuliwatisha wengine. Mimi nilikuwa sipo. Mimi niliachiwa muda wa katikati. Kidole gumba kikitikisika kidogo kwa uchovu, nilikaa chini palepale. Nikila kitu chenye chumvi nyingi, nilijiuliza kama ni ile ladha. Niliacha kwenda kisimani. Niliacha kucheka kwa nguvu, nikidhani kicheko kitauamsha ugonjwa. Nilikonda mpaka mifupa ya mabega ikaonekana juu ya kanga.

Siku niliyoungua, mama alikuwa shambani anapalilia. Nilikuwa nasonga ugali. Niliamka na mama amenishika kwapani ananivuta, analia kwa Kisukuma maneno ambayo kichwa changu kilikuwa bado hakiyashiki, na mkono wangu wa kushoto haukufanana na mkono. Hata leo vidole viwili vya mwisho vimeshikana.

Usiku ule sikulala, na kupitia ukuta wa udongo nilisikia baba na mama wakigombana kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Nilikwambia tumpeleke hospitali," mama alisema.

"Hospitali wanatibu vidonda. Hili si kidonda."

"Sasa si limekuwa kidonda? Mpeleke sasa!"

*

Hospitalini nilisafishwa mkono kwa wiki nyingi. Daktari mmoja kijana, alipomsikia mama akieleza nilivyoungua, alisema kidonda ni cha kushughulikia, na kuanguka nako kuna dawa. Akaandika vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila jioni, akatuambia tuje kliniki kila mwezi, siku ya Alhamisi.

Alhamisi ilikuwa kliniki ya wagonjwa wa kifafa na wa akili, wote benchi moja, nje, chini ya paa la bati, mahali ambapo kila anayekwenda maabara lazima apite. Mwanamke mmoja alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, mstari mmoja tu, tangu asubuhi mpaka tuondoke. Kijana mmoja alikuwa amefungwa kamba mkononi, kaka yake ameshika ncha ya pili. Nilijifunika kanga usoni nisionwe na wanafunzi. Mama naye alijifunika yake. Tulikaa hivyo, watu wawili wasio na nyuso, tukisubiri jina langu liitwe kwa sauti kubwa.

Vidonge vilinipa usingizi mzito. Nilizungumza polepole kama mlevi. Lakini mwezi wa kwanza nilianguka mara moja tu.

Ndipo Jumamosi moja mchana, pamba ikiwa imeanza kupasuka, baiskeli ikaingia uani kwetu. Alikuwa Mwalimu Leticia. Hakuwa Msukuma, alitoka Ukerewe, lakini alijitahidi.

"Mwadila, mayu," alimsalimia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila," mama aliitika, akamletea kigoda na kuanza kumwombea samahani kwa hali ya nyumba.

Nilikuwa nimekaa pembeni kwenye mkeka wangu. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Kabula." Akakiacha kigoda, akaja kukaa chini, mwisho wa mkeka. Alikuwa ametoka jasho. Alitazama mkono wangu uliofungwa, kisha akatazama miguu yake mwenyewe.

"Nimekuja kukwambia jambo moja," alisema. "Siku ile darasani, wanafunzi hawakuanza kukimbia. Nilianza mimi. Nilikuwa wa kwanza kutoka mlangoni, wao wakanifuata. Kile kiatu ulichokiona pale kilikuwa changu."

Mwalimu hakuwa mtu wa kumwambia mwanafunzi kitu kama hicho.

"Miezi yote hii nimekuwa nikiwaambia wasichana waje kwangu wakiwa na shida," akaendelea, "na kila anayekuja, naona ile sketi uliyokuwa umevaa. Nimeshindwa kukaa bila kuja kukwambia."

"Uliogopa, mwalimu," nilisema.

"Niliogopa sana. Hata sasa naogopa. Ukianguka sasa hivi sijui nitafanya nini. Lakini sitakimbia tena, hilo naweza kukuahidi."

Mama alikuwa amemletea maji katika kikombe cha wageni. Mwalimu akakiweka chini, akachukua changu, kile cha bati kilichotengwa, akakijaza mtungini. Akakishika. Niliona anavyokitazama ukingo wake, na kwa muda nikadhani atakirudisha. Akafumba macho akanywa yote, haraka, kama mtu anayekunywa mwarobaini.

Angekunywa kwa ujasiri, pengine nisingemwamini.

*

Alianza kuja kila Jumamosi. Alileta madaftari ya wenzangu ninakili masomo kwa mkono mzima. Lakini kabla ya masomo aliniuliza swali moja, kila mara lile lile: "Wiki hii umeogopa nini?"

Hakuwahi kuniambia nisiogope. Nimekutana na watu wengi walioniambia nisiogope: mchungaji, shangazi, mwenyekiti wa kijiji. Kila mmoja aliniacha peke yangu zaidi. Yeye alitaka hofu moja, yenye jina, na tukishaipata tuliigeuza pamoja tuone upande gani unashikika.

Nilimwambia naogopa kulowana mbele ya watu. Akanishonea sketi ya pili, ya kukaa ndani ya mfuko siku zote. Nilimwambia naogopa moto. Akaenda kuongea na mama, na tangu siku hiyo sikukaa jikoni peke yangu. Nilimwambia naogopa kwamba hakuna mwanaume atakayenioa. Akasema, "Hilo sina jibu lake, Kabula. Nina miaka thelathini na minne, mimi mwenyewe sijaolewa, na sina hata kifafa." Nilicheka. Mama alitoka ndani kuona nani anacheka.

Siku moja nilimwambia lile la chini kabisa: naogopa kwamba siku moja nitaondoka kama ninavyoondoka, halafu nisirudi. Alinishika mkono wenye kovu. Hatukusoma siku hiyo.

Alikwenda kliniki nasi Alhamisi moja, akamwuliza daktari maswali ambayo mama aliona aibu kuyauliza. Alirudi na mambo machache, nami nakupa hapa kama alivyonipa: mtu akianguka, msogeze mbali na moto, maji na kitu chenye ncha, mlaze ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa, usimtie kitu chochote mdomoni, si kijiko, si kidole, kaa naye. Isipoisha upesi, au ikiisha na kuanza tena kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali.

*

Msimu wa pamba ulipokwisha na watu wakawa wanang'oa masalia, Mwalimu Leticia alisema ni wakati wa mimi kurudi shule. Tulikwenda ofisini kwa mkuu wa shule, mimi, baba na yeye. Baba alivaa koti lake pekee.

Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya. Alisema wazazi wamelalamika. Alisema, "Mzee, nina wanafunzi wengine wa kuwalinda."

"Kuwalinda na nini?" Mwalimu Leticia aliuliza.

"Mwalimu, usinifundishe kazi. Anatembea mwendo mrefu. Akianguka njiani, akifa, mtanijibia?"

"Atakaa kwangu. Nyumba ya mwalimu iko hapa hapa, ana hatua mia mbili hadi darasani."

"Likitokea lolote ni juu yako. Nitaliandika katika faili lako."

"Andika."

Ndipo baba, ambaye hakuwa amesema neno tangu salamu, akasimama na kofia mkononi. "Mimi nilimpeleka mbali kwa sababu nilimwonea aibu," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta. "Huyu mwalimu si ndugu yetu. Kama yeye haoni aibu, mimi baba yake nakuomba."

Mkuu wa shule alitazama dirishani. Kisha akasema nianze Jumatatu, nikae dawati la ukutani.

Mwalimu aliwafundisha wasichana watatu wa darasa langu la kufanya nikianguka. Wiki ya tatu nilianguka. Nilipozinduka nilikuwa nimelala ubavu, kuna sweta chini ya kichwa changu, na msichana mmoja amekaa sakafuni, amenishika kisigino. Kwa nini kisigino, hata yeye hakujua. Wengine walikuwa wamesimama ukutani. Lakini walikuwa ndani.

Nyumbani kwa mwalimu tuliishi kama mtu na mdogo wake. Asubuhi moja nilianguka mlangoni, nikapasua nyusi. Aliniosha, akanilaza, akaenda nyuma ya jiko. Nilimsikia analia huko, kwa kujizuia, kama anayekohoa. Nililala pale nikijua kwamba nimemchosha na kwamba atanirudisha. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Umenisikia?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Nimelia, nimemaliza. Amka unywe chai, inapoa."

*

Mabaya zaidi yalikuja mwaka uliofuata, wakati wa kuuza pamba. Dawa ziliisha hospitalini. Tuliambiwa tukanunue kwenye maduka, maana sasa dawa ziliuzwa kila kona. Lakini vidonge vyangu havikuwa na wanunuzi wengi, na wenye maduka hawakuvileta. Tuliuliza duka baada ya duka. Siku ya kwanza bila kidonge, ya pili, ya tatu. Siku ya nne ile ladha ya chuma ikaja.

Kuanzia hapo nasimulia nilichosimuliwa. Nilianguka, na kabla sijazinduka nikaanguka tena, na tena. Walinibeba kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi wodini. Hali hiyo ilidumu siku tatu. Mama alikaa upande mmoja wa kitanda, baba aliacha pamba yake kwenye foleni ya wanunuzi akaja kusimama upande wa pili. Walinichoma sindano, lakini muuguzi alisema nikizinduka nitahitaji vidonge vyangu, na vidonge havipo. Mwalimu Leticia akapanda lori la pamba asubuhi, akaenda hadi Nyalikungu, Maswa, akavikuta huko katika duka la mtu aliyekuwa anataka kuvitupa. Akarudi navyo mchana wa pili, ameketi juu ya marobota, nywele zimejaa nyuzi nyeupe.

Nilipofumbua macho sikumjua mama. Nilimwona mwanamke ananiita "ng'wanone, ng'wanone", mwanangu, nami nikamwuliza jina lake. Sitasahau uso wake. Jina lake lilinirudia jioni. Mambo mengine ya mwaka ule hayajarudi mpaka leo.

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayesoma: usiache dawa ghafla, hata siku moja, hata ukijisikia mzima. Tangu wakati huo nikawa na kopo lenye vidonge vya akiba, na sikuwahi kulifungua bila kwanza kutafuta vya kulijaza.

Nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na mlezi wangu amekaa nje ya mlango kwa ruhusa ya msimamizi. Sikufaulu vizuri sana. Nilifaulu vya kutosha kusomea uuguzi, kisha nikarudi Bariadi. Kuanguka kulipungua, mara mbili kwa mwaka, mara moja. Mara ya mwisho ilikuwa masika moja, miaka minne tangu ile siku ya kwanza.

Nilipokaa muda mrefu bila kuanguka, daktari alianza kunipunguzia dawa, robo kwa robo, kwa miezi mingi. Kupona kuliniogopesha karibu sawa na kuugua. Ilipofika siku ya kumeza kipande cha mwisho niliomba likizo, nikapanda basi hadi Nyalikungu, ambako Mwalimu Leticia alikuwa amehamishiwa. Sikutaka kuwa peke yangu siku za kwanza.

Alinipokea, akanipa chumba cha mbele. Siku nne hakutoka nyumbani. Nikienda msalani alikohoa nje. Nikikaa kimya aliniita jina. Tulizungumza mambo ya wasichana wake wa shule mpya, mmoja mjamzito, mmoja anayekataa kula, na wakati wote macho yake yalikuwa kwenye kidole gumba changu.

Siku ya tano nilimkuta asubuhi amelala kwenye kiti, mdomo wazi, amechoka. Nje jua lilikuwa jepesi. Nilivaa viatu nikaenda sokoni. Nilitembea taratibu, nikasalimia watu nisiowajua, nikauliza bei ya sato walioletwa kutoka ziwani, Lamadi, na kuchagua mmoja mwenye macho safi. Kwa muda wa saa nzima hakuna mtu duniani aliyejua nilipo.

Niliporudi nilimwona kwa mbali. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, kichwa wazi, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna, anatazama huku, anatazama kule. Aliponiona hakuja. Alibaki pale pale.

"Ulikuwa wapi?"

"Sokoni, mwalimu. Nimenunua samaki."

Alifungua mdomo kunigombeza, nikaona. Badala yake akatazama samaki, akanitazama mimi, akaanza kucheka, na kicheko kikammaliza nguvu mpaka akakaa kwenye mchanga kando ya barabara, mkono kifuani.

"Siwezi kusimama," alisema.

Nikaweka samaki chini, nikakaa naye.